Gunia la Tatu

Tunduma walinikataa mara tatu. Wafanyabiashara wenye malori wote waliniuliza swali lile lile, una uzoefu, nami wakati ule nilikuwa bado mkweli. Baba akachoka kunilisha. Akasema nikikosa kazi msimu ule wa kahawa, ananipeleka Msangano kwa mjomba nikalime mpunga. Msangano kuna joto na mbu, na mjomba ana mdomo. Nilijua fika kwamba nikienda huko nitazeekea huko.

Kwa hiyo niliposikia kituo cha kununulia kahawa cha Isansa kinatafuta mkaguzi, niliazimia kudanganya.

"Uzoefu?" aliuliza katibu, mgeni aliyehamishiwa kwetu majuzi tu.

"Miaka mitatu, Ndugu Katibu."

Hakubisha. Alivuta magunia matatu kutoka kwenye foleni ya wakulima, akatuambia sisi waombaji tuseme lipi halijakauka. Wenzangu wawili walichota punje za juu, wakazing'ata, zikalia ka! Wakasema yote makavu.

Mimi gunia la tatu nililijua kabla sijaligusa. Mama alikuwa ameliziba tundu kwa uzi mwekundu. Jana yake jioni, kwa amri ya baba, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwagia maji kahawa ya chini ili uzito uzidi, kisha nikafunika juu kwa kahawa kavu. Na baba alikuwa palepale kwenye foleni, ananitazama huku akitikisa kichwa polepole.

Nikaifikiria Msangano. Nikazamisha mkono hadi begani, nikatoa punje ya chini kabisa, nikaing'ata kwa madaha. Meno yakazama.

"Hili limemwagiwa maji, Ndugu Katibu. Jana jioni, nadhani kabla ya chakula."

Katibu aliing'ata na yeye, akabaki kinywa wazi.

"Mwenye gunia ni nani?"

Baba akajitokeza. Niliogopa kweli, maana akisema tu mimi ni mwanawe, ujuzi wangu utajulikana ulikotoka.

"Mzee, unamfahamu kijana huyu?"

Baba alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Simfahamu. Ila mpe kazi, Ndugu Katibu. Inaonekana kwao walimfunza."

Akalifunga gunia kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma kupanda mlima kurudi nyumbani Hasamba. Lilikuwa zito kweli kweli, kama tulivyolitaka, nami nikasimama mlangoni nikiona aibu, nimeajiriwa, nisiweze hata kwenda kumsaidia kusukuma.