Bakuli la Muhogo Nililolirudisha

Mwanangu Salama, weka hiyo simu chini, ukae. Kuna siku moja ya wakati wa vita inanirudia tangu jana, na ni wewe njo umeiamsha, basi utaisikiliza yote. Usiniambie "pole, bibi." Nimekasirika, na nitasema hivyo hivyo nikiwa nimekasirika.

Nilikuwa na umri wako. Kindu yetu hii ilikuwa imefungwa pande zote. Kwenda shambani ilikuwa kwenda kufa, na mchele, ambao sisi tulikuwa tunakula mchana na jioni, ukaisha katika nyumba zote za mtaa. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mama alikuwa amekwama Lubutu alikokwenda kwenye msiba. Nyumbani tulibaki mimi na mdogo wangu Zaina. Ndiyo, bibi yako Zaina huyu huyu wa fimbo mbili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kuruka kamba hakuna msichana aliyemweza. Kupika nilijua, usiniulize. Wali wangu wa iliki na mdalasini ulisifiwa kwenye arusi mpaka ng'ambo ya mto, nami nikavimba kichwa.

Nyumba ya pili alifikia mama mmoja aliyekimbia kutoka Obokote, tukimwita Mama Feza. Watu wa kwao ni watu wa muhogo. Akaweka pipa lake nyuma ya ukuta wetu, akawa analoweka muhogo mchungu aliouchimba kwenye viwanja vilivyoachwa, na ile harufu, mwanangu, ilikuwa inatufuata mpaka chumbani. Nikawa naziba pua kila ninapompita. Siku moja akatuletea bakuli la bugali wake wa muhogo, na sombe juu, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Nililipokea? Wapi! Nilimrudishia vilevile, chakula ndani, mbele ya watu, nikamwambia: "Mama, siye hapa hatuli vitu vya kuoza."

Hakugombana. Alishika bakuli lake, akaniangalia.

"Mutoto yangu," akasema, "muhogo wa huku iko na sumu. Njaa ikikushinda, uje nikufundishe. Siku tatu ndani ya maji, ama ine, mpaka utoke laini mukononi. Usikatize."

Njaa ikaja. Ningekwenda kwake kwa uso gani? Nikachimba muhogo kwenye kiwanja kile kile, nikauloweka, na kesho yake tu nikautoa, maana sikutaka nyumba yangu inuke kama yake, na Zaina alikuwa analia njaa. Nikaanika, nikatwanga, nikachekecha. Unga ukatoka mweupe, unapendeza macho. Nikajisifu, kumbe kazi yenyewe ni rahisi hivi! Tukala huo, huo tu, wiki baada ya wiki, bila samaki, bila maharage. Baada ya kula kichwa kilikuwa kinatuuma, mara nyingine tunatapika, nikasema ni malaria. Na sehemu kubwa nilikuwa nampa Zaina, kwa kumpenda. Hebu fikiria hilo.

Asubuhi moja akaniita, mimi dada yake: "Yaya, miguu yangu imekataa." Nikadhani anacheza. Nikamwinua, akaanguka. Miguu ilikuwa imekakamaa, haikunjiki wala hainyooki vizuri. Nikapiga kelele, na aliyekuja mbio ni Mama Feza, si mwingine. Akachota unga wangu kidogo, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Uliloweka siku ngapi?"

Nikamwinulia kidole kimoja. Akaketi chini, akalia pamoja nami, mtu niliyemwambia anakula vitu vya kuoza.

Miguu ile haikupona. Watu wakasema ni vita njo ilimuharibu Zaina, na ninyi watoto mmekua mkiamini ni risasi, na mimi nimewaacha mseme hivyo miaka yote hii. Aka! Hapakuwa na risasi. Ilikuwa sufuria yangu.

Sasa wewe jana! Mama Riziki, jirani mwema aliyetoka upande wa Kama, alikuletea bakuli lake la bugali, ukaziba pua, ukajirekodi unacheka, ukamrudishia na chakula ndani. Na kutwa unajifunza kwenye simu wali wa Kihindi na tambi za Kiitalia! Pika, nani amekukataza? Pika vya dunia nzima, na mimi nitakula. Lakini mpishi wa kwenye simu hawezi kukushika mkono akuambie bado, subiri. Mama Riziki yuko hapa mlangoni, na wewe umemtukana.

Uliporudi unacheka, Zaina aliomba fimbo zake. Akajikokota mpaka kwa Mama Riziki, akaomba lile bakuli, akalila lote pale barazani. Kisha akarudi, akaniangalia mimi, si wewe. Miaka yote nilidhani hajui. Anajua, na hajanitamkia neno hata moja. Nimeona haya mbele ya mdogo wangu, Salama, ndiyo maana leo sinyamazi.

Basi sikia. Futa hiyo video. Chukua bakuli safi, pakua wali wako ulio mzuri kuliko wote, umpelekee Mama Riziki, umwombe radhi mbele ya watu, kwa sababu ulimwaibisha mbele ya watu. Kisha umwombe akufundishe, toka kuchimba mpaka kusonga, na akikuambia siku tatu ziwe tatu. Usidharau chakula cha mtu, na usikiige bila kumwuliza yeye mwenyewe anakipikaje. Mimi nilifanya yote mawili.

Mungu akupe mikono yenye subira na masikio ya kusikia jirani. Na kila atakayekula chakula chako, mwanangu, ainuke mkekani kwa miguu yake mwenyewe. Amina. Haya, nenda, Mama Riziki anakungoja.