Jino la Jailos

Atuganile alikuwa mtu wa kwenda taratibu. Miaka kumi na minne anaziba meno kwenye kliniki moja ya Uyole, Mbeya, na wenzake walimtania kwamba hata chai anaikoroga kwa awamu. Lakini alijua anachokifanya. Ile dawa nyeupe ya kuzibia, ukiimulika taa ya buluu ili igande, husinyaa. Ukiweka kidogo, ukamulika, ukaongeza kidogo tena, haina shida. Ukijaza shimo zima kwa mkupuo inajivuta, inaachana na ukuta wa jino, na unabaki ufa usioonekana kwa macho. Humo ndimo uozo unamopita.

Sasa jamani, siku ile sijui shetani gani alimpitia. Jailos, dereva wa lori, aliliacha lori likinguruma barabarani, akaingia anahema. "Dokta, fanya fasta, viazi vyangu vinaoza!" Madereva wa Uyole ndivyo walivyo, jino wanataka lizibwe kama pancha. Atuganile akajaza lote, akamulika mara moja. Jailos akashukuru, akaenda zake. Baadaye Atuganile alimpigia simu mara mbili arudi. Jailos akamjibu jino liko poa, fundi kama yeye hajapata kumwona.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja akapiga simu Blandina, mke wa Jailos, kutoka Ipogolo, Iringa, analia. Taya la mumewe limevimba hadi shingoni, hata mate hayamezeki, na hospitali hataki kusikia.

"Anasema watamng'oa jino. Anakuja kwako na basi, dokta. Anakuamini wewe tu."

Atuganile alijua hatari yake. Uvimbe wa shingo huziba koo. Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni mchana kutwa, angeletewa maiti. Akimwambia tu aende hospitali, Jailos atabisha, mbishi yule. Akisema ukweli, jina lake limekwisha, pengine na kazi. Aliogopa.

"Mpe simu."

Akasikia pumzi nzito.

"Jailos, usije. Mimi si fundi. Lile jino nililipua. Nilijaza lote mara moja huku najua ni makosa, ndiyo maana nilikuwa nakupigia. Ukipanda basi utakufa njiani. Nenda hospitali sasa hivi!"

Simu ikakatwa.

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akashindwa hata kumwita aliyefuata. Saa nane mchana Blandina akapiga tena. Wamempasua, usaha umetoka, anapumua vizuri.

"Ila daktari wa huku anauliza nani aliliziba, anataka aandike kwenye faili. Jailos hawezi kuongea, kaandika kwenye karatasi kwamba hakumbuki."

Atuganile akalia kwa sauti.

"Mwambie anakumbuka," akasema, na akamtajia Blandina majina yake yote matatu, polepole, ili ayaandike.