Pumzi ya Mpiga Zumari

Naikumbuka siku moja, mwanangu, nimekaa kwenye benchi la zahanati pale Kombani na mguu wangu wa kulia unacheza peke yake. Haukutulia, wala mimi mwenyewe sikuwa mtu wa kutulia. Mke wangu Mwanaisha alizoea kusema kwamba nanywa chai nimesimama kama mtu anayefukuzwa. Nilikuwa na miaka arubaini kasoro miwili, na kazi yangu ilikuwa kupiga zumari. Arusi zote, kutoka Waa mpaka Msambweni, niliitwa mimi. Ijumaa niko huku, Jumamosi kule, Jumapili niko njiani.

Kichwa kilikuwa kimeniuma juma zima, upande wa kisogoni. Muuguzi, kijana wa kutoka bara aliyejua kuamkia vizuri kuliko watoto wetu, alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama. Akapima na mkono wa pili. Kisha akaniambia presha yangu imepanda, tena si kidogo. Alinipa vidonge vya kumeza kila siku, akanikataza chumvi nyingi, akaniomba nipunguze kupuliza kwa nguvu. Halafu akasema atanifundisha kuvuta pumzi.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mwanangu, pumzi ndiyo kazi yangu. Napiga wimbo mzima bila kuikata."

"Hiyo unaisukuma, baba," akanijibu kwa upole. "Hii unaiachia."

Akanionyesha. Nikae, nyayo zikanyage chini, mkono mmoja uwe tumboni. Nivute hewa kwa pua taratibu nikihesabu mpaka nne, tumbo lijae. Kisha niitoe polepole mpaka sita, bila kubana wala kuzuia. Dakika kumi kila siku. Akanikariria mara mbili kwamba zoezi hili husaidia dawa, halishiki nafasi ya dawa. La zoezi nililichukua. Lile onyo la dawa nililiacha pale pale kwenye benchi.

Siku za mwanzo zilikuwa adhabu. Dakika kumi za kukaa bure! Nafika dakika ya tatu, nakumbuka nina safari ya Funzi. Nafika ya tano, nasikia mtu anapita njiani, nataka kujua ni nani. Nainuka, Mwanaisha ananitazama, nakaa tena. Lakini baada ya wiki mbili hivi nikaanza kuionja ile raha. Mabega yalishuka, na lile joto la kifuani likapoa. Vidonge nilikuwa bado nameza, na nilipopimwa tena presha ilikuwa imeteremka, na muuguzi akaniambia niendelee vivyo hivyo, nisiache kitu.

Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Nimepona, na pumzi ndiyo iliyoniponya. Vidonge nikavitupia juu ya kabati. Mwanaisha alipouliza, nikamwambia mwili wangu naujua mwenyewe. Sikio la kufa, mwanangu, halisikii dawa.

Haikupita miezi mitatu, tukawa kwenye arusi Waa, baada ya swala ya adhuhuri. Bwana arusi anaingia, wanawake wanapiga vigelegele, nami nimevimbisha mashavu mbele yao. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kikakataa kufunga tundu. Nikakilazimisha, kikakataa. Kisha mkono wote ukawa si wangu, na zumari ikalia kama mbuzi. Watu wakacheka wakidhani nafanya mzaha. Nikataka kuwaambia kuwa sifanyi mzaha, ulimi ukawa mzito, hautoi neno. Mwanaisha peke yake hakucheka. Alipita katikati ya watu, akanishika kiunoni, akaagiza gari, nikafikishwa hospitali.

Ilikuwa kiharusi. Madaktari walisema ni kidogo, na kwamba kuwahi ndiko kulikoniokoa.

Siku ya tatu akaja Mzee Bakari, aliyenifundisha zumari nikiwa mdogo. Naye alikuwa na presha ya miaka mingi, ila hakuna aliyepata kumwona akilalamika. Alikaa kando ya kitanda changu, nami nikaona haya. Nikamwambia kwa ulimi wangu uliopinda kwamba lile zoezi la pumzi limenidanganya.

"Usilisingizie," akasema. "Ulipewa makasia mawili, moja ukalitupa. Mtumbwi ukizunguka papo hapo, utamlaumu nani? Mimi pumzi navuta na dawa nameza. Wewe ulitaka kupona upesi ili urudi kukimbia."

Nililia, na si kwa ajili ya mkono.

Usemi ulinirudia baada ya wiki kadhaa, mkono ukarudi nusu. Kupuliza arusini nilikatazwa kabisa, na hilo liliniuma kuliko ugonjwa. Nilizunguka uani kama kuku aliyekosa pa kutagia. Siku nyingine nilimfokea Mwanaisha bila kosa, kisha nikamwomba radhi. Lakini kila asubuhi nilimeza kidonge mbele yake, tukakaa pamoja ukumbini, naye akanihesabia: nne ndani, sita nje. Presha ikashuka, ikakaa. Leo nina miaka sabini na mmoja, bado nakwenda kupimwa. Na utulivu? Sikwambii uongo, mpaka leo moyo wangu hutaka kuinuka kabla ya dakika kumi kwisha. Ninaukalisha tu.

Basi wewe unayeniambia huna nafasi, unayekula huku macho yako kwenye simu, nisikilize. Kapimwe presha hata kama huumwi, kwa maana maradhi haya hayabishi hodi. Ukipewa dawa, meza, na usiiache mpaka aliyekupa akwambie. Kisha keti kila siku, uvute pumzi taratibu, uitoe taratibu zaidi. Ukisikia kizunguzungu, pumua kama kawaida. Na siku mkono ukifa ganzi ghafla au uso ukapinda, usikae kuhesabu pumzi, wahi hospitali. Usingoje moyo wako upende kutulia ndipo uanze. Mwenda pole hajikwai, hata kama upole huo amejilazimisha.

Mola akupe afya ya mwili na subira ya kuitunza, akuepushe na kiburi cha kujiona umepona, na akufikishe uzeeni ukiwa na akili yako na watu wako. Amina.