Hotuba Yangu Baada ya Mlima wa Ipogolo

Jamani, acheni niseme mwenyewe kabla wanafunzi wangu hawajanitangaza Iringa nzima.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Jumamosi asubuhi niliwapandisha wasichana wangu wa riadha mlima, kutoka Ipogolo hadi mjini. Nikawaonya: atakayedandia chombo chochote, kwake timu ndiyo basi.

Wao wakachanja mbuga. Mimi, kona ya pili tu, magoti yakagoma. Nikasimamisha bodaboda. Dereva akanivika helmeti, kwa kuwaogopa trafiki, na kwa baridi ile nikaishukuru. Nikashuka kabla ya kona ya mwisho, nikajimwagia maji usoni yafanane na jasho, nikamalizia mbio nikihema kama ng'ombe wa jembe.

Hapo hapo nikawahutubia. "Mwanamichezo wa kweli huamua vyema hata asipoonwa na mtu!"

Wengine wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Nikajua hotuba imewachoma hadi wanalia, nikazidisha sauti.

Tumaini, kapteni wao, akanyoosha mkono kwa adabu.

"Samahani mwalimu, tumekuelewa. Ila ukishavua hiyo helmeti ya bodaboda, utuambie: na kwako timu ndiyo basi?"