Jiwe Lililoibwa Siku ya Sabato

Polisi hawakuwahi kuja kijijini kwetu kutafuta ng'ombe aliyeibwa. Hata mara moja.

Lakini jiwe lilipoibwa, walikuja sita. Na Landrova juu.

Ndiyo, jiwe. Umesoma vizuri. Mwaka wa 1974, huku kwetu miteremko ya Manga, mama wa watu alifungwa kwa kuiba jiwe. Nilikuwepo. Na aliyesimama mbele ya baraza akamwita mwizi alikuwa baba yangu mzazi.

Nimekaa na hii habari karibu miaka hamsini. Sasa juzi naona kwa simu mheshimiwa mmoja amevaa kofia ya ujenzi, anaweka jiwe la msingi, watu wanapiga makofi kama hawajawahi kudanganywa. Damu ikanichemka. Nikasema basi, leo naitoa yote.

Kaa chini.

Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo moja ya mto, na kila kitu cha maana kilikuwa ng'ambo ya pili. Shule, soko, hospitali ya misheni. Mto wenyewe si mkubwa. Wakati wa jua unaruka mawe mpaka unafika katikati, pale kuna pengo, unakunja nguo unapita na maji ya magoti. Mvua ikinyesha huko juu, lile pengo linakuwa shimo la kifo.

Mwaka wa 1963 Mheshimiwa wetu alikuja akaweka jiwe la msingi la daraja. Jina lake silitaji, ana wajukuu na hawajanikosea. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda.

Daraja halikuja.

Mwaka wa 1969 akarudi. Jiwe la pili, hatua tano kutoka lile la kwanza. Hotuba ileile.

Daraja halikuja.

Mwaka wa 1974, Agosti, kura zikinukia, huyo tena. Jiwe la tatu. Safari hii lilikuwa kubwa, limechongwa vizuri, jina lake limechimbwa ndani kwa herufi pana, na chini yake neno DARAJA.

Mawe matatu yamesimama kwenye nyasi. Mgeni angedhani ni makaburi.

Sasa kulikuwa na mama anaitwa Nyamoita. Mjane, mkono wake mgumu kwa jembe, mdomo wake mgumu zaidi. Alikuwa ameolewa kutoka Nyamache, na alikuja na rozari yake akakataa kuiacha. Elewa kwamba upande wetu wote wa mto sisi ni Wasabato. Mkatoliki alikuwa Nyamoita na nyumba yake tu. Jumamosi sisi tuko kanisani, yeye yuko shambani anapalilia na kuimba. Tulimsema sana, na alijua tunamsema, na alizidisha sauti.

Mkaza mwanawe aliitwa Eucabeth. Mwaka wa 1972 uchungu ulimshika Eucabeth mto ukiwa umejaa. Wakamfikisha ukingoni kwa machela, wakasimama pale wakingoja maji yapungue. Walingoja tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mtoto alizaliwa palepale kwenye matope, kamba ya kitovu imemzunguka shingo, na hospitali unaiona kwa macho ng'ambo ile.

Nyamoita ndiye aliyemfunga kwa leso, tayari kwa kaburi.

Kwa hiyo Mheshimiwa alipokuwa anaweka jiwe la tatu, na akina mama wameamriwa waimbe, Nyamoita hakuimba. Alikuwa anamtazama Eucabeth pembeni, tumbo la miezi saba. Mvua za vuli zilikuwa njiani. Huyo mama hakuwa anafikiria siasa hata kidogo. Alikuwa anahesabu wiki.

Ijumaa jioni, wiki tatu baadaye, mawe yalikuwepo. Watu waliyaona wakiharakisha nyumbani kabla jua halijatua.

Jumamosi jioni hayakuwepo. Yote matatu.

Wueh.

Baba yangu, Mogire, alikuwa naibu wa chifu, na pia mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyelazimika kupeleka habari ofisini, lakini huko hakuna aliyethubutu kumwambia Mheshimiwa, aliyekuwa arudi Alhamisi na mtu wa picha wa gazeti. Alhamisi ikafika, Mheshimiwa akashuka kwenye gari, akakuta mashimo matatu kwenye nyasi. Sijawahi kuona mtu mzima akibadilika rangi hivyo.

Ndipo ile Landrova ikaja.

Baraza likaitishwa palepale mtoni. Mkubwa wa polisi alikuwa mgeni, mtu wa pwani, mpole kwa sauti. Alitaka kujua mambo yalikuwaje, na wazee wetu wakamsaidia kwa furaha. Wakamweleza kwamba siku ya Sabato hapa hakuna mtu anayebeba mzigo. Hata kuni hazipasuliwi. Chakula kinapikwa Ijumaa. Kwa hiyo, bwana mkubwa, jiwe lililotoka Jumamosi halikutolewa na Msabato.

Macho yote yakamgeukia Nyamoita.

Wacha niseme ukweli, hata mimi niligeuka. Tulikuwa tumetatua kesi kwa kutumia Biblia, na tulijisikia wajanja.

Nyamoita akasimama. Hakungoja kuitwa. Akasema ni yeye, tena kama wangemuuliza tangu mwanzo wangeokoa petroli. Akawaonyesha mtoni kwa kidole.

Mawe yalikuwa pale, na sisi tulikuwa tukiyavuka kimya kimya tangu Jumapili. Matatu, yamejaza lile pengo la katikati, yamekaa juu ya mwamba imara kabisa. Na maandishi yametazama juu. Jina la Mheshimiwa lilikuwa linasomeka vizuri kutoka ukingoni, limelowa.

Mkubwa wa polisi akamuuliza kwa nini hata maandishi hakuyageuza chini, angalau kwa heshima.

"Herufi zimechimbwa," Nyamoita akasema. "Mguu hautelezi."

Watu wakajikaza wasicheke. Mheshimiwa alikuwa amesimama palepale.

"Mama, unajua umeiba mali ya serikali?"

"Serikali iliandika hapo daraja. Limekaa kwenye nyasi miaka kumi na moja bila kazi. Mimi nimelipeleka kazini."

Hapo ndipo baba yangu akaingilia. Alisogea mbele akichechemea, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Alikuwa ametuambia nyumbani kwamba ng'ombe alimkanyaga. Akamwita Nyamoita mwizi, mchochezi, mtu wa kuaibisha kijiji. Akasema mwanamke mmoja hawezi kubeba mawe kama yale peke yake.

"Nani alikusaidia?"

Nyamoita akamtazama. Akamtazama muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Nani alikusaidia?" baba akauliza tena, kwa ukali zaidi.

"Nilisaidiwa na migomba."

Na kweli, vigogo vya migomba vilikuwa bado vimelala kwenye mteremko, vimepondeka na kutoa utomvu. Alikuwa amevitandika chini, ukisukuma jiwe juu yake linateleza lenyewe mpaka majini. Mkubwa wa polisi akavikagua, akaandika kwenye daftari, akaridhika.

Akaamuru askari watoe mawe mtoni yawe ushahidi. Askari wakatazama yale maji, wakatazamana.

Kabla hawajavua viatu, watoto wa shule ya msingi wakatokea ng'ambo, wanarudi nyumbani. Hawakujua kuna baraza. Walishuka wakavuka mmoja mmoja, mbio, viguu vyao vinakanyaga jina la Mheshimiwa, herufi kwa herufi. Hakuna aliyekunja nguo. Hakuna aliyelowa. Walipofika upande wetu wakamwamkia mkubwa wa polisi kwa adabu, wakapita.

Yule bwana akafunga daftari. Kisha akasema mawe yabaki, ni mazito. Lakini Nyamoita akapakiwa kwenye Landrova, maana Mheshimiwa alikuwa anatazama.

Miezi miwili ndani. Kwa jiwe.

Alipokuwa huko, mvua za vuli zilikuja na hasira. Usiulize uchungu ulimshika Eucabeth siku gani, ilikuwa ileile siku mto ulijaa. Wanaume wanne wakambeba kwa machela, wakavuka juu ya yale mawe na maji yakiwapiga kwenye vifundo vya miguu. Jioni alikuwa na binti hai mikononi. Akamwita Drusilla. Nyamoita alipata habari gerezani, na nasikia aliimba mpaka askari wa zamu akamwomba apumzike.

Mheshimiwa alianguka kura. Sitasema ni kwa sababu ya jiwe, lakini kwenye boma letu hakupata hata ya mbwa.

Na sisi tukalipa. Shuleni niliitwa mtoto wa msaliti. Nilipigana mara tatu, nikapigwa zote. Baba hakusema neno. Aliendelea na kazi yake, na kanisa lake, na kuchechemea kwake.

Alikufa mwaka wa 1979. Mazishi yalijaa. Mchungaji akamsifu sana, na mwisho akainua mkono akasema, "Mzee Mogire hakuvunja Sabato hata moja maishani mwake."

Nyamoita akacheka.

Si kicheko cha kuficha mdomo. Alicheka kwa sauti, mbele ya jeneza. Mama zangu wadogo walitaka kumtoa kwa nguvu. Alijitoa mwenyewe, akapanda zake mteremko.

Baada ya udongo kurudishwa nilimfuata. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na hasira ya kutosha wanaume watatu. Nilimkuta ameketi mlangoni anapepeta wimbi. Nikamwambia alikuwa na haki ya kumchukia baba yangu akiwa hai, lakini maiti ya mtu haichekwi.

Hakuinuka.

"Omwenga," akasema, "baba yako kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwaje?"

Nikasema hakikuwa na ukucha. Ng'ombe alimkanyaga.

"Ng'ombe huyo alikuwa ameandikwa jina la Mheshimiwa."

Nilikaa chini bila kupenda.

Akanieleza. Baba alikuwa ameandika barua tatu ofisini kuhusu daraja, na baada ya ile ya tatu akaonywa kwamba kiti chake kina wengi wanaokitaka. Jumamosi ile aliaga nyumbani kwamba anaenda kuhubiri kanisa la mbali. Alishuka mtoni na suti yake. Akavua koti, akalikunja, akaweka Biblia juu yake, akaigeuza kifudifudi. Wakafanya kazi tangu asubuhi mpaka saa nane, yeye na Mkatoliki, kijiji chote kikiwa kinaimba nyimbo kule juu. Jiwe la mwisho lilimwangukia mguuni. Hakulia. Aliomba msamaha, na Nyamoita hakuelewa alikuwa anamwomba nani.

Unajua nilivyosikia? Furaha. Kifua kilipanuka. Miaka mitano naitwa mtoto wa msaliti, kumbe baba yangu ni shujaa! Nikasimama nikataka kukimbia kuwaambia watu kabla hawajatawanyika.

"Keti," Nyamoita akasema.

Nikaketi.

"Baba yako alibeba jiwe. Lawama aliniachia mimi. Aliniuliza mbele ya watu nani alinisaidia, mara mbili, na alikuwa anajua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakumtaja. Akasema kama baba angefukuzwa kazi, wangetuletea mwingine asiyebeba hata kokoto. Na watoto walikuwa wanavuka. Hilo lilimtosha.

"Lakini nilimngoja," akasema. "Tulikuwa tunakutana sokoni kila wiki. Anainamisha kofia, anapita. Nilimngoja aseme siku moja, mchana, watu wakisikia. Leo mchungaji amesema kwa niaba yake, nikaona sasa basi, hatasema tena."

Akarudi kwenye wimbi lake.

Yule mama alienda zake zamani, na daraja lilikuja hatimaye, la saruji, bila hotuba. Mawe yako chini yake mpaka leo.

Sasa nyinyi mnaosoma hapa. Najua mmechoka na hawa watu wa mawe ya msingi, hata mimi. Lakini wao nawajua, hawanishtui. Wanaonichosha ni wale wanaokuja kando, wanakushika mkono, wanakunong'oneza "tuko pamoja", halafu barazani wanakuita mchochezi. Ukiwa nao kumi, hesabu una sifuri.

Miaka yote hii, mimi pia nilikuwa mmoja wao. Nilijua, nikanyamaza, nikilinda jina la mzee wa kanisa.

Kwa hiyo leo, saa sita mchana, naandika. Naitwa Omwenga, mwana wa Mogire. Baba yangu aliiba jiwe la serikali pamoja na Nyamoita, siku ya Sabato.