Baba Aliposhinda Nasi Bebi Kea

Niko livu, kazini nimepewa likizo, na kila asubuhi bado nampeleka binti yangu bebi kea. Jirani yangu hapa Kawangware, tunayechota naye maji mfereji mmoja, ameshindwa kabisa kulimeza jambo hilo. Juzi alinikuta nikirudi mikono mitupu, akautua mtungi wake chini.

"Kwani si uko livu?"

"Niko."

"Na mtoto umempeleka kwa watu?"

"Nimempeleka."

Akanitazama vile watu humtazama mtu aliyeacha jiko likiwaka akaenda zake. "Haya basi," akasema, akachukua maji yake.

Ningeweza kumjibu. Ningemwambia nataka kufua mapazia, nataka kulala mpaka jua liingie dirishani, nataka siku moja nisiitwe na mtu. Sikumjibu kwa sababu maneno yake nilikuwa nimeyasikia zamani nikiwa mdogo, kule Kibera upande wa Silanga, yakiambiwa mama yangu. Nikaingia nyumbani, nikaketi kitandani, na mapazia hayakufuliwa siku hiyo.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kusema zamani kulikuwa kuzuri. Mvua ikinyesha tulivuka matope kwa kurukia mawe, na bwawa la kando yetu likinuka lilinuka mpaka ndani ya sufuria. Lakini kulikuwa na nyumba moja pale ambayo mpaka leo sijaisahau. Ilikuwa ya mama mmoja Mnubi, mtu wa makamo, aliyezaliwa hapo hapo na mama yake pia akazaliwa hapo. Watoto wote tulimwita Nyanya. Chumba chake cha mbele alikuwa amekitoa kwa watoto wa akina mama waendao kazini. Hakikuwa na kibao mlangoni wala jina. Mama akisema "nakupeleka bebi kea", ni kwa Nyanya.

Ukiingia ulikutana kwanza na harufu ya uji wa wimbi uliokamuliwa ndimu. Halafu udi kidogo, halafu mafuta ya taa. Tulikunywa uji kwa vikombe vya plastiki vilivyotafunwa ukingoni na watoto waliotutangulia. Siku za Ijumaa alitupikia gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, tukailamba sukari iliyonyunyizwa juu kabla ya kula mkate wenyewe. Mchana alitulaza wote kwa godoro moja, tumepangwa kwa upana kama samaki wadogo wa omena kwenye karai, na yeye anasuka ukili wa rangi rangi pale mlangoni, anaimba kwa Kinubi wimbo ambao mpaka leo sijui ulisema nini. Nje, wauza makaa waliita wateja. Kutoka kwenye vishamba vya karibu na bwawa akina mama walipita na sukuma wiki mbichi, maji yakidondoka njiani.

Mama yangu alikuwa anafua nguo kwa nyumba za watu kule Kileleshwa. Baba alikuwa fundi wa mjengo, mwashi. Nilimjua Baba kwa sauti tu, nikuambie ukweli. Aliondoka nikiwa nimelala na kurudi nikiwa nimelala. Jumapili alilala yeye.

Kisha mbao ya jukwaa ikavunjika akiwa juu yake. Alirudishwa nyumbani na wenzake, mkono wa kulia ukiwa umefungwa plasta kutoka kwa vidole mpaka juu ya kiwiko, uso umevimba upande mmoja. Nilifurahi sana. Nilidhani sasa nitabaki naye nyumbani.

Kesho yake asubuhi Mama akanivisha viatu kama kawaida.

"Mwache," Baba akasema kutoka kitandani. "Si mimi niko?"

"Uko, na utamchotea maji na mkono gani? Utamwashia stovu na mkono gani?"

"Mtoto ana baba ndani ya nyumba na anapelekwa kwa watu. Watasema nini?"

"Waseme." Mama alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu changu, na aliifunga kwa nguvu kuliko siku zote. "Wewe lala. Pona."

Na kweli wakasema. Pale tuliponunua makaa mwanamke mmoja alimsimamisha Mama, akamwuliza kama mume wake amehama, maana mtoto bado anaonekana kwa yule Mnubi. Mama alisema hapana, yuko, akanivuta mkono tukaenda. Alipofika kwa kona akasimama kidogo akapangusa pua kwa kitenge. Halafu akanikabidhi kwa Nyanya na kwenda kufua.

Sikumbuki ilikuwa siku gani Baba alipotokea mara ya kwanza. Nakumbuka tulikuwa tunaimba, tunapiga makofi, na ghafla mlango ukawa na giza. Alikuwa yeye. Shati limevaliwa mkono mmoja, mkono wa pili wa shati unaning'inia, plasta imeshikiliwa na leso ya Mama shingoni.

"Hodi," akasema, kama mtu asiyejua amekuja kufanya nini.

"Karibu, Baba Akinyi," Nyanya akasema bila kusimama. "Keti hapo mlangoni. Ndani ni kwa watoto."

Akaketi kizingitini, miguu njiani, mgongo kwetu. Akapewa uji kwa kikombe kilichotafunwa. Mimi sikuweza kuimba tena. Nilikuwa nauangalia tu ule mgongo.

Akaja kesho yake, na siku iliyofuata. Mwanzoni aliketi tu. Kisha siku moja akaokota kiberiti kitupu, akashindilia udongo wa mfinyanzi ndani kwa kidole gumba cha kushoto, akakigonga juu ya jiwe. Likatoka tofali. Tofali dogo, lenye pembe nne safi kabisa. Watoto wote walitoka nje kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa. Nyanya akapiga kelele mpaka akachoka, mwisho akauleta ukili wake nje, akaketi karibu aone kila kitu.

Basi tukawa wajenzi. Sisi tulitafuta viberiti vitupu, tulikanda udongo, tulipanga matofali juani. Baba alituonyesha namna ya kuyapanga, la juu likalie ufa wa mawili ya chini. Alifunga kijiwe kwa uzi akakiachia kining'inie kando ya ukuta wetu. Hiyo ni timazi, akasema, ukuta ukimkimbia huyu, huo ukuta ni mwongo. Tulicheka mno. Tulienda tukipima kila kitu kwa timazi: mlango wa Nyanya, miguu ya wapita njia, mgongo wa mbuzi. Mlango wa Nyanya ulikuwa mwongo kabisa.

Na mimi, rafiki yangu, nilikuwa naringa. Wengine wote walikuwa na baba wa usiku. Mimi pekee nilikuwa na baba wa mchana.

Ndipo mama mmoja alipokuja kumchukua mtoto wake mapema. Mtoto huyo ndiye niliyelala naye ubavu kwa ubavu kwenye godoro. Mama yake alisimama, akamwangalia Baba pale chini na udongo wake, akamwita Nyanya pembeni. Lakini pembeni ya Silanga si mbali.

"Huyu mwanaume anashinda hapa kila siku?"

"Anashinda hapa mlangoni, mbele ya macho yangu na ya njia yote."

"Mimi nilileta mtoto kwa mama. Sikuleta kwa mwanaume. Akikaa huyu, mimi natoa mtoto."

Sasa ninapojiona mimi mwenyewe nimekuwa mama, simlaumu. Ningeuliza hata mimi. Nyanya alimjibu kwa upole kwamba anamwelewa, kwamba hakuna mwanaume aliyewahi kuvuka kizingiti kile, lakini hawezi kumfukuza mtu aliyeketi njiani. Yule mama akamfunga mtoto mgongoni. Sikumwona tena mwenzangu huyo.

Baba alikuwa amesikia yote. Alinawa mkono wake mmoja kwenye beseni, polepole, akaondoka bila kuniangalia.

Hakuja kesho yake. Wala siku iliyofuata. Jioni nilipofika nyumbani alikuwa kitandani ameangalia ukuta, na sahani aliyoachiwa asubuhi iko vile vile imefunikwa. Mama alizungumza naye kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini. Hakujibu. Nilikuwa mdogo, lakini kuna kunyamaza ambako hata mtoto anajua si kwa usingizi.

Asubuhi iliyofuata Nyanya alifanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alifunga mlango wake kwa kufuli. Akachukua leso ndefu, akatuambia kila mmoja ashike ukingo, mdogo kabisa akambeba mgongoni, tukatoka. Msafara wetu ulipita kwa wauza makaa, ukapita kwa kinyozi na kwa mama wa mandazi, watu wakitoka nje kutazama. "Nyanya, mnaenda wapi?" wakauliza. "Kutembelea mgonjwa," akajibu, hasimami.

Tulipofika kwetu hakupiga hodi. Alisukuma mlango kwa mguu.

"Baba Akinyi, tumekuja. Ukikataa kuja kwangu, leo hawa wote watashinda kwako."

Baba akainuka kwa kiwiko kizima, akatuona tumejaa mlangoni, wengine kamasi zimetiririka, wengine bado wamebana ukingo wa leso kama walivyoambiwa.

"Nyanya, umepoteza mtoto kwa sababu yangu."

"Nimepoteza mmoja. Hawa wengine tangu juzi wananililia ukuta wao. Mimi najua kupika uji, sijui kujenga. Amka."

"Watu watasema."

"Watu wamesema tangu babu yangu anapewa ardhi hapa, na bado wanasema. Vaa shati."

Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa ameelewa lolote, akauliza kwa sauti kama hapa ndipo tutakunywa uji. Baba akacheka. Alicheka mpaka akaushika mkono wenye plasta kwa maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke. Akavaa shati, nikamfungia vifungo mimi mwenyewe, cha kwanza nikakosea, akaniacha hivyo hivyo. Akashika ukingo wa leso, tukarudi naye katikati yetu kama mmoja wetu.

Msimu ule ulikuwa mrefu, au labda kwa mtoto kila kitu ni kirefu. Tulijenga ukuta, tukajenga nyumba, tukajenga msikiti na kanisa vikiangaliana. Mvua ikaja ikayeyusha yote, tukaanza upya. Mchana tulipolazwa nilikuwa nasinzia nikisikia Nyanya na Baba wakiongea nje, habari za bei ya unga, habari za kwao kila mmoja, na sauti zile mbili zilinifunika vizuri kuliko blanketi.

Kisha plasta ikatolewa. Mkono ulikuwa umekonda na kupauka, unanuka. Mama aliushika akaomba kwa sauti, akamshukuru Mungu. Mimi nikalia. Wakadhani nalia kwa furaha, Mama akanikumbatia. Haukupita muda Baba akapata mjengo mwingine mbali, na asubuhi nikaamka kitanda chake kikiwa baridi.

Nyanya ameshafariki. Nyumba yake ilibomolewa pamoja na zile zote za mstari ule wakati barabara ilipopitishwa, na hata mimi niliyekulia pale nikisimama siwezi kukuonyesha kwa kidole kwamba hapa ndipo kilipokuwa kizingiti.

Baba yuko kijijini siku hizi, karibu na ziwa, anafuga kuku. Juzi nilimpigia simu nikamwuliza kama anakumbuka.

Akasema, "Hiyo ilikuwa time mbaya, mami. Wacha tu."

"Kwangu ilikuwa nzuri."

"Ulikuwa mtoto." Nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Unajua ile siku ya kwanza sikuja kukuona wewe. Nilitoka nyumbani sijui naenda wapi. Nilikuwa naogopa kukaa peke yangu. Nikawasikia mnaimba. Nikasema, wacha nikae hapa kidogo."

Tukaongea habari za mvua, akaniambia nimsalimie mjukuu wake, tukakata simu. Sikumwambia kwamba siku ile alipopona ndiyo siku niliyoanza kumkosa, na kwamba mpaka leo sijaacha.