Injini Niliyoisingizia

Injini ya zamani ya gari letu ilipasuka Kiwangwa, kwenye ile barabara iliyonyooka, kaka yangu akishindana na gari moja jeupe la watu wa Dar. Mimi nilikaa pembeni yake. Kwanza ulitoka mlio kama mtu kapiga nyundo ndani ya debe, halafu oili ikamwagika chini ya matairi ya nyuma, gari likaanza kuzunguka. Nikaona mananasi ya wauzaji, nikaona lami, nikaona mananasi tena. Tuliposimama tulikuwa tunatazama tulikotoka. Kaka alicheka. Mimi nilitapika.

Tangu siku ile naogopa. Gari likipita kwa kasi karibu na nyumbani, naacha ninachofanya mpaka mlio upotee.

Gari letu ndilo kaka analoendea kazini Mbegani siku zote, na Jumapili ndilo analoshindana nalo. Mama alisema liuzwe hivyo hivyo bila injini. Kaka akanuna siku mbili, akasusa mpaka chakula. Basi tukaenda Mapinga kwa mzee mmoja anayeuza injini za mtumba. Kaka alinichukua kwa ajili ya masikio. Ile iliyopasuka niliisikia ikigonga wiki nzima kabla, nikamwambia, akanijibu nikasafishe masikio. Sasa haamini sikio jingine ila langu.

Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri. Mimi nilitaka tumalize tuondoke. Mzee akatuonyesha mbili. Moja ndogo ya silinda nne, ya kwenda sokoni na kurudi. Nyingine ya silinda sita, tena ina tabo ya kuiongezea nguvu. Kaka hakuiangalia mara mbili ile ndogo.

"Hii, mwanangu, ukikanyaga tu, Msata hii hapa," mzee akasema.

"Na breki?" nikauliza.

"Breki si kwangu, binti. Mimi nauza kwenda. Kusimama katafute duka jingine!"

Wakacheka wote wawili.

Pale injini inawekwa juu ya tairi kuukuu, inaungwa betri na chupa ya petroli, inawashwa chini hapo hapo. Ukishaisikiliza na kuikubali, ni yako, hakuna kurudisha. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Ile ndogo haikuwa na neno.

Wakawasha kubwa. Tairi chini yake likacheza, ardhi ikatetemeka mpaka kwenye kandambili zangu. Nikasikiliza juu, nikasikiliza chini, nikazunguka nyuma. Wallahi sijawahi kusikia injini safi namna ile, kama cherehani mpya. Nilitamani igonge. Mimi ambaye siwezi hata kusubiri chai ipoe, nilichuchumaa pale muda mrefu, kwa sababu nikisimama itabidi niseme.

"Vipi?" kaka akauliza.

"Inagonga," nikasema. "Huku chini. Inagonga."

Mzee akaruka. "Inagonga wapi? We mtoto unasikia moyo wako mwenyewe!" Akaninyang'anya bisibisi, akampa kaka. "Haya, sikiliza mwenyewe, bwana mkubwa."

Nikajua nimekwisha. Kwa injini ile, hata asiye fundi angesikia kwamba ni nzima. Kaka ataniita mwongo mbele ya mzee, ataichukua, na Jumapili moja wataniletea habari zake.

Akachuchumaa, akaweka sikio. Vidole vilivyoshika mpini vilikuwa vinatetemeka. Nikajiambia ni injini hiyo. Lakini na mkono mwingine, uliokuwa gotini, ulikuwa unatetemeka.

Akasimama bila kuniangalia.

"Kweli, mzee. Inagonga."

"Nyie watoto wa Bagamoyo mna wazimu," mzee akasema, akaizima.

Tukachukua ile ndogo. Tukarudi na kirikuu cha kukodi, injini imefungwa kamba nyuma, sisi tumebanana mbele na dereva. Nilidhani moyo utatulia. Haukutulia. Siku zote kilichonifanya nipate usingizi ni kwamba yeye haogopi, kwamba mikono yake inajua inachofanya. Sasa nimeshaiona mikono yenyewe.

Tulipofika Kerege akasema, "Jumapili tutaijaribu." Alisema taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa.

Ningeweza kumwambia asiende. Nikamwambia nitakaa pembeni yake.